Wimbo wa Nane wa Mvua ya Saa Sita

Kabla ya kukubali kazi yoyote, Fundi Sponji hulipindua kochi miguu juu, hukichana kitambaa cha chini kwa wembe na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mwenye kochi husimama kando kwa haya, kama mtu anayefunguliwa sanduku mbele ya majirani. Fundi hutoa anachokikuta na kukipanga sakafuni: magunia mahali palipopaswa kuwa na sponji, maboksi ya sabuni yaliyokunjwa, na safari moja suruali nzima ya jinzi pamoja na mkanda wake. Humwacha mwenye mali aangalie.

"Nje velveti, ndani takataka," huwaambia wenzake baadaye. "Nimefungua makochi ya watu wakubwa. Sijaona hata mmoja aliyekuwa amekalia kile alichodhani amekikalia."

Kazi hiyo imemfanya mtu wa kushuku. Kitambaa alichopimiwa dukani hukipima tena nyumbani. Daktari akimwandikia dawa, huenda kwa daktari mwingine kuuliza yule wa kwanza alikuwa na nia gani. Katika maisha yake yote kuna vitu viwili tu ambavyo hakuwahi kuvichana kuona ndani: mke wake, na kanda ya kaseti ambayo, kwa maelezo yake, mke huyo alimpa kwa mkono wake mwenyewe kabla hawajaoana.

Kanda hiyo ni nakala ya Mvua ya Saa Sita, albamu ya bendi ya wanaume pekee iliyotamba wakati fundi alipokuwa bado anajifunza kushona matakia. Huipiga karakanani kila asubuhi, katika redio-kaseti ambayo mlango wake umefungwa kwa utepe wa mpira. Karakana ni chumba kirefu nyuma ya duka la vioo, chenye harufu ya gundi na vanishi, na vumbi la sponji linalokaa kwenye nyusi za watu. Humo wanafanya kazi watatu. Fundi mwenyewe; Bibi Mkasi, mkata vitambaa, mama mtu mzima asiyeinua macho kutoka kwenye chaki yake hata anapomtukana mtu; na Shemeji, kaka wa mke wa fundi, anayepiga msasa na kupaka rangi mbao.

Ubishi wao mkubwa ni kuhusu albamu bora ya wakati wote. Ya Bibi Mkasi ni Taa ya Uani, ile yenye tarumbeta. Ya Shemeji hubadilika kulingana na nani aliyemnunulia chai siku hiyo. Ya Fundi Sponji haijawahi kubadilika, na hoja yake pia haijabadilika.

"Albamu si nyimbo," husema, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni. "Nyimbo hata kuku ana nyimbo. Albamu ni mpangilio. Sikilizeni hawa. Wanaume wanalalamika nyimbo saba mfululizo. Mke hivi, mke vile. Halafu wa nane wanamwachia mwanamke ajibu. Bendi ya wanaume! Nani mwingine aliwahi kuthubutu?"

Wimbo wa nane anaousema ni Kiatu cha Kushoto. Mwanamke anaimba kwamba alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, na anaomba kisitupwe, kwa kuwa atakifuata. Kabla hajaanza kuimba inasikika sauti ndogo: tik. Fundi huinua kidole kila inapofika. Huwaeleza wenzake kwamba hapo mpiga ngoma anagonga kijiti mara moja kumpa mwanamke nafasi, kama mtu anayemvutia mgeni kiti.

"Kidole hicho nitakikata siku moja," Bibi Mkasi humwambia.

Mwaka huu kituo kimoja cha redio kiliwataka wasikilizaji wapige kura kwa simu kuchagua albamu hamsini bora. Shemeji alipiga. Bibi Mkasi alipiga, akawalazimisha na binti zake. Fundi Sponji alikataa.

"Niwatumie namba yangu watu nisiowajua? Ili iweje?"

"Ili albamu yako ishinde," alisema Shemeji.

"Ikishinda itashinda kwa haki. Isiposhinda tutajua kuna mtu."

Kituo kilianza kupiga albamu moja kila asubuhi, kutoka ya hamsini kupanda juu. Karakana nzima ilifuatilia. Asubuhi ilipotangazwa kwamba Mvua ya Saa Sita imeshika nafasi ya kumi na tisa, misumari ilimtoka fundi mdomoni ikamwagika sakafuni.

"Kumi na tisa?"

"Pole, mwanangu," alisema Bibi Mkasi, macho yakiwa kwenye chaki. "Hata hapo wamekuhurumia."

"Hii imepikwa."

"Nani mpishi?"

"Huyu mtangazaji. Subirini muone Taa ya Uani itakuwa ya ngapi. Ana undugu na yule mpiga tarumbeta."

"Undugu gani?"

"Masikio yao yanafanana."

"Umeyaona wapi masikio ya mtu wa redioni?"

Shemeji alicheka mpaka akaweka msasa chini. Fundi alimwambia anyamaze, angalau asikilize albamu yenyewe. Wakaisikiliza. Ilikuwa safi kuliko walivyowahi kuisikia, besi ikitoka tumboni kabisa, na fundi akaanza kulainika. Wimbo wa saba ukaisha. Akainua kidole kusubiri tik.

Haikuja. Badala yake ikaja sauti ya mwanamume, ya puani, ikimwonya mkewe akae jikoni atulie na aache kuhesabu hatua za mumewe. Wimbo uliitwa Kaa Utulie. Ulipoisha, mtangazaji alisema hiyo ndiyo iliyokuwa albamu ya kumi na tisa, na simu ziko wazi.

Fundi Sponji alikuwa mtu wa kwanza kupatikana.

"Mzee wangu, karibu hewani."

"Wimbo wa nane mmeuficha wapi?"

"Wa nane tumeupiga, mzee. Kaa Utulie."

"Huo siujui. Wa nane ni Kiatu cha Kushoto. Mmeutoa ili albamu ionekane haina mwisho, watu waseme kweli, inastahili kumi na tisa."

Mtangazaji alicheka, lakini si kwa dharau. "Mzee wangu, Kiatu cha Kushoto ni wimbo wa mwanamama mwingine, na bendi nyingine kabisa. Jalada la Mvua ya Saa Sita ninalo hapa mkononi, wimbo huo haumo. Wewe ulikuwa unasikiliza kanda ya kurekodiwa?"

"Kanda yangu ni halali."

"Sijasema si halali. Nauliza tu, nani alikurekodia?"

Fundi alikata simu. Shemeji alikuwa ameshika tena msasa na kusugua mahali palipokwisha kuwa laini.

"Kwani nani alikurekodia?" aliuliza Bibi Mkasi.

"Nilipewa na mke wangu, Mama Pacha. Mnajua."

"Tunajua. Na yeye alirekodiwa na nani?"

Kwa asiyekumbuka enzi za kaseti, swali hilo linahitaji maelezo. Kanda halisi za bendi zilikuwa chache. Watu wengi walipeleka kanda tupu kwenye kibanda cha mrekodi, mtu mwenye redio ya milango miwili na rafu ya kanda za kunakili. Kanda tupu mara nyingi ilikuwa ndefu kuliko albamu, na mrekodi hakupenda kuuacha mkia mtupu. Aliujaza kwa wimbo mwingine, alioupenda yeye au ulioagizwa na mteja. Wako watu wazima wengi leo wanaoapa kwamba albamu fulani inaisha kwa wimbo ambao bendi ile haikuwahi kuuimba.

Fundi Sponji aliyajua hayo. Lakini katika kanda yake Kiatu cha Kushoto hakikufuata baada ya Kaa Utulie. Kilikuwa kimekaa mahali pake.

"Mkia kujazwa, hiyo ni bahati," alisema polepole. "Wimbo kuondolewa ukawekwa mwingine, hiyo ni nia."

"Mimi nakata vitambaa tu," alisema Bibi Mkasi. "Ila wimbo ule, siku zetu, ulikuwa wa kupelekeana."

"Kupelekeana na nani?"

"Si nimesema nakata vitambaa?"

Jioni hiyo fundi aliisikiliza kanda peke yake, sikio likiwa karibu na spika. Alipofika kwenye tik aliirudisha, akaisikia tena, akairudisha. Haikuwa kijiti cha ngoma. Ilikuwa kitufe. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe kwa kidole chake, siku fulani, katika chumba fulani, na fundi alikuwa amewatafsiria watu kidole hicho miaka yote hiyo.

Kwa mtu mwingine jambo hili lingeishia kwenye kicheko. Kwa Fundi Sponji lilikuwa zito, na uzito wake haukuwa wa muziki. Kanda ile ilikuwa ushahidi wake. Mwanamke mrefu, mzuri, aliyekuwa na kazi yake, alimpa zawadi mwanagenzi wa makochi mwenye gundi kwenye nywele, bila kuombwa. Juu ya jambo hilo alijenga nyumba. Sasa alijiuliza kama zawadi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mwanamume mwingine, ikakosa mwenyewe, ndipo ikamwangukia yeye.

Asubuhi iliyofuata alimbana Shemeji kwenye kona ya vanishi.

"Nani alimrekodia dada yako?"

"Shemeji, mambo ya kanda muulize mwenye kanda."

"Nakuuliza wewe."

"Kulikuwa na kijana mmoja, kibanda chake karibu na duka la dawa." Shemeji aliangalia mlango. "Mwembamba. Alikuwa anavaa miwani ya jua hata ndani."

"Na dada yako?"

"Dada alikuwa anapitia pale."

"Anapitia mara moja?"

"Shemeji, mimi nilikuwa mdogo."

"Mara moja?"

"Alikuwa anapitia sana," alisema Shemeji, kisha akachovya brashi katika kopo ambalo halikuwa la rangi aliyokuwa akipaka.

Mke wa fundi ni msoma mita wa shirika la maji. Kutwa hutembea nyumba hadi nyumba, huinama kwenye mashimo yenye mifuniko ya chuma, huangaza kwa tochi na kuandika. Wanaomjua humwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili waliokwisha kumpita kimo. Siku zilizofuata aligundua kwamba mumewe amekuwa na maswali. Siku hizi anasoma mita mtaa gani? Kule karibu na duka la dawa bado anapita? Kibanda kile siku hizi kinauza nini? Alijibu kila swali, na kila jibu lilimwongezea fundi swali lingine. Alipomwona mkewe akitabasamu akisoma simu alitaka kujua ni nani, akaambiwa ni kikundi cha wazazi wa shule, akauliza wazazi gani.

Jumamosi alasiri mabinti walikuwa kwa shangazi yao. Mama Pacha alikuwa sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi, kikombe cha chai mkononi. Fundi aliiweka kanda mezani mbele yake.

"Hii nani alikurekodia?"

"Yule kijana wa karibu na duka la dawa. Kwani?"

Alilitoa jibu mara moja, na hilo lilimtia fundi wasiwasi zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa kigugumizi.

"Alikuwa nani kwako?"

"Mrekodi."

"Nimeambiwa ulikuwa unapitia pale sana."

"Umeambiwa na kaka." Mama Pacha aliguna. "Ni kweli. Alikuwa ananiharibia kazi. Nilimwambia autoe ule wimbo wa mwisho, auache nje. Akatoa nusu. Nikarudi. Akafuta na wa saba. Nikarudi tena, nikamsimamia kichwani mpaka akamaliza. Na ile miwani yake haoni hata vitufe."

"Kwa nini uutoe wimbo wa watu?"

"Si umeusikia redioni juzi?"

"Nimeusikia."

"Sasa unaniuliza nini? Mwanamume ananiambia nikae jikoni, tena kwa sauti ya mafua. Nilinunua kanda kwa jasho langu nije nitukanwe na mafua?"

"Na Kiatu cha Kushoto?"

"Niliupenda. Niliona wale wanaume wamelalamika vya kutosha, acha mtu awajibu."

Fundi alikaa. Maneno hayo aliyafahamu vizuri. Alikuwa ameyasema karakanani kwa miaka mingi, kama sifa ya bendi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ilikuwa ya nani?"

"Nini?"

"Kanda. Kabla yangu mimi. Ulimtengenezea nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mwenyewe, Baba Pacha. Nilikuwa na redio, nilikuwa na masikio. Au mwanamke akirekodi kanda lazima kuna mwanamume mahali?"

"Halafu ukanipa mimi."

Mama Pacha aliweka kikombe chini. "Sikukupa."

"Ulinipa. Mkononi. Pale barazani kwa mjomba wako."

"Mkononi ndiyo. Nilikuazima. Ulikuja kuchukua viti vya mjomba, ukasikia muziki, ukaacha viti ukaja kusimama dirishani. Ukasema, dada, niazime siku mbili. Hizo siku mbili bado zinaendelea."

"Mimi nakumbuka ulinipa."

"Nilikuja kuidai. Hukuwepo. Nikaja tena ukasema kesho. Kesho ukasema imebaki karakanani. Nikawa nakuja mpaka mama yako akaanza kuniwekea kikombe."

Fundi alikumbuka kikombe kile. Alikumbuka pia jinsi alivyokuwa akijisifu kwa wenzake kwamba kuna binti anamfuata nyumbani, haishi kuja. Alimtazama mkewe usoni kwa muda, kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Kwa nini miaka yote hii hukusema?"

"Niseme nini? Kila mgeni akija unamwambia nilikupa zawadi. Ulikuwa unasema vizuri. Hata mimi nikawa napenda kuisikia."

"Kwa hiyo ulikuwa unakuja kwa ajili ya kanda."

"Ndiyo."

"Si kwa ajili yangu."

"Nilikuwa sikujui! Nilichojua ni kwamba kuna fundi ana kanda yangu na hataki kuirudisha."

"Na baadaye?"

Mama Pacha alikoroga maji ya beseni kwa vidole vya miguu. "Kutwa nzima," alisema, "nabishana na watu wanaoniambia mita inawadanganya. Nawaonyesha namba, wanasema namba zimechezewa. Nafungua mfuniko, wanasema mfuniko si wenyewe. Nikirudi nyumbani nataka kukuta mtu, si mteja."

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza tu. Umemuuliza kaka, umeuliza mtaa, umeuliza simu. Mimi umenichelewesha mpaka Jumamosi."

Fundi aliichukua kanda kutoka mezani. Aliigeuza upande wa kwanza, akaigeuza wa pili. Karatasi yake ilikuwa imechakaa, na pembe moja ya plastiki ilikuwa na gundi ya karakana iliyogeuka njano.

"Basi hujamaliza kudai," alisema.

"Sijamaliza."

Alinyoosha mkono, kiganja juu. Haukuwa mzaha. Fundi aliutazama mkono huo, na mtu yeyote angeona kwamba hataki. Ikiwa mwanamke huyu aliingia katika nyumba yao akifuata kitu chake, na kitu hicho hakikuwahi kurudishwa, basi fundi hakujua ni nini hasa kilichokuwa kimemkalisha, wala kama akikipata angebaki. Alitaka jibu ambalo halijaficha kitu ndani yake, na alifahamu kwamba maneno, hata matamu kiasi gani, angeyachana tu usiku huohuo.

Akampa kanda.

Mama Pacha aliipokea. Akatoa miguu ndani ya beseni, akaikausha kwa taulo mmoja baada ya mwingine bila haraka, akavaa kandambili na kuingia chumbani. Fundi alisikia droo ikifunguliwa, ikafungwa. Akasikia mlango wa kabati. Alibaki ameketi akitazama alama za miguu yenye maji kwenye sakafu, zilizokuwa zinaelekea upande mmoja tu.

Alipotoka hakuwa na kitu mkononi. Alirudi kwenye kiti kilekile, akavua kandambili, akajaribu maji kwa kidole cha mguu na kukunja uso.

"Yamepoa. Ongeza ya moto, birika liko jikoni."

Fundi alikwenda akaleta birika. Aliyamwaga taratibu, kando ya beseni, ili yasimguse. Akakaa karibu, safari hii si upande wa pili wa meza.

"Kaa Utulie ikiwemo, albamu hii ungeipa ya ngapi?" aliuliza.

"Hata arobaini isingefika."

"Arobaini! Unasikia besi ile?"

"Besi nzuri. Wanaume wabaya."

"Kumi na tisa ni sawa basi?"

"Kumi na tisa wamewapendelea," alisema Mama Pacha. "Yule mtangazaji ana ndugu yake humo."

Fundi aligeuka kumtazama, akitafuta usoni mwake kama anatania.